Waraka wa Uganda: Leseni, Sadaka na Nambari za Matoleo katika Programu ya Vim

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuchungua tenzi, riwaya, hotuba na magazeti. Maandishi yafuatanayo na programu za kompyuta hawayagusi, kana kwamba yameota yenyewe bila mwandishi. Kutojali huku hakuna msingi. Leseni ya programu ina msemaji na msemezwa; ina amri, ruhusa, katazo na ombi, na kila kimojawapo kina umbo lake la sarufi. Nambari ya toleo nayo ni usemi, ingawa ni mfupi mno: humwambia msomaji ni kipi kilichobadilika na ni kipi alichoahidiwa kwamba hakitabadilika. Aghalabu mambo haya mawili husomwa mbalimbali, mwanasheria akichukua leseni na fundi akichukua nambari. Walakini iko programu moja ambayo ndani yake yameshikamana hata hayaeleweki vema yakitenganishwa, na waraka wa leseni yake umepewa jina la nchi ya Afrika ya Mashariki.

Programu hiyo ni Vim, chombo cha kuandikia na kusahihisha maandishi kipendwacho hasa na watungaji wa programu. Aliyeitunga ni Bram Moolenaar, Mholanzi. Toleo lake la kwanza kutolewa kwa watu, lenye nambari 1.14, lilienea mwezi wa Novemba 1991 katika diski nambari 591 ya mkusanyo wa Fred Fish, uliokuwa ukiwapelekea wenye kompyuta za Amiga programu za kugawiwa. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda Kibaale, mji mdogo wa wilaya ya Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, akafanya kazi ya kujitolea katika kituo cha watoto. Aliporudi kwao alilifanya jambo la Kibaale kuwa sehemu ya programu. Mtu akiifungua Vim bila kuipa faili, hukuta katikati ya kioo jina, nambari ya toleo, jina la mtungaji, na mara nyingi ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Akiomba msaada kwa kuandika neno uganda, hufunguliwa waraka ambao ndani yake mna leseni na, baada ya leseni, habari za Kibaale na namna ya kutoa mchango. Waraka unaohakikiwa hapa ni ule uliofuatana na toleo la 9.0 la Juni 2022, ila palipotajwa vingine.

Ili kuuelewa, hapana budi kukumbuka desturi uliyozaliwa nayo. Mwaka 1982 Andrew Fluegelman wa California alianza kuigawa programu yake PC-Talk kwa sharti la ajabu: nakili, wape wenzio, na ukiridhika nayo niletee dola 25. Jim Knopf alifanya vivyo hivyo kwa PC-File, na Bob Wallace kwa PC-Write mwaka 1983. Jina lililokuja kuenea kwa Kiingereza ni lile alilolitumia Wallace, lenye neno la kugawana ndani yake. Kwa Kiswahili yafaa kusema programu za kujaribu kabla ya kulipa, maana ndivyo zilivyokuwa. Desturi hiyo ikaenea mpaka kwenye maktaba za programu, yaani mikusanyo ya sehemu zilizo tayari ambazo mtungaji huziingiza katika kazi yake. Mtu alipewa maktaba bure ili aionje. Akilipa, hupewa maandishi yake asilia na ruhusa ya kuuza kazi aliyoijenga juu yake. Hapo kugawana kulianza kupungua na kudai kukazidi. Baadhi ya programu zilihesabu siku, nyingine zilimkumbusha mtumiaji deni lake kila azifunguapo, na nyingine zilificha nusu ya uwezo wao. Kugawana kukawa chambo.

Leseni ya Moolenaar yatoka katika ukoo huo lakini imekata upande mwingine. Programu yenyewe yaitwa kwa Kiingereza kwa jina linaloweka neno la sadaka mahali pa neno la kugawana, na hapa mtafsiri ana kazi. Hisani halifai, kwa kuwa huweka mtoaji juu na mpokeaji chini, na hudai shukrani. Msaada limechakaa kwa kutumiwa na serikali na mashirika. Zaka ni wajibu uliopimwa: ina kiwango, ina wakati, na asiyeitoa ana hatia. Sadaka haina kiwango wala wakati, na asiyeitoa hana wa kumdai. Kwa mujibu wa maneno ya waraka, jina lifaalo ni programu ya sadaka, wala si jingine, maana muhtasari wake wasema kwamba mtu aweza kuitumia na kuinakili kadiri apendavyo, lakini ahimizwa kuwachangia watoto wahitaji wa Uganda.

Neno lakini katika sentensi hiyo lastahili kuangaliwa. Katika leseni nyingine zote za jamaa yake, kiungo hicho hufungua mpaka: nakili upendavyo, lakini usiuze, itumie, lakini kwa siku 30. Msomaji aliyezoea leseni hukaza moyo anapolifikia. Hapa hukuta kuhimizwa tu. Sentensi imejengwa kwa umbo la sharti, na mahali palipokuwa pa sharti pamewekwa ombi. Yamkini Moolenaar hakukusudia ufundi wowote. Kiingereza chake ni cha mhandisi wa Kiholanzi, kikavu na cha moja kwa moja. Hata hivyo athari yake ni kubwa kuliko ile ya kengele za programu za kulipiwa, kwa sababu msomaji hujikuta ameachiliwa mahali alipotazamia kukamatwa.

Penye sharti hasa, leseni haina upole. Imegawanyika katika vifungu vinne. Cha kwanza chatoa ruhusa ya kugawa nakala zisizobadilishwa, mradi zifuatane na maneno ya leseni. Cha pili, kilicho kirefu kuliko vyote, chahusu nakala zilizobadilishwa: aliyebadilisha sharti aeleze jinsi ya kumpata, mlezi wa programu akimwomba mabadiliko, sharti ayatoe pamoja na maandishi asilia, bila malipo, na sharti nakala hiyo ionyeshe, katika kioo cha ufunguzi na katika jibu la amri ya kuuliza toleo, kwamba imebadilishwa. Cha tatu chahimiza. Cha nne chakataza kuiondoa leseni, kisha chaongeza neno la ajabu: mwenye toleo la zamani aweza, akipenda, kuitumia leseni hii badala ya ile iliyokuja nalo. Basi leseni yarudi nyuma. Nambari za matoleo zaenda mbele tu, lakini maneno ya ruhusa yaweza kuwafikia waliopita.

Jambo hili halikuwa pambo. Kuanzia toleo la 6.1, la mwaka 2002, leseni ilikubali kwamba nakala iliyobadilishwa yaweza kutolewa chini ya leseni ya jumla ya mradi wa GNU, na wenye mradi huo wameitaja nambari hiyo hasa, 6.1, katika orodha yao ya leseni zipatanazo na yao. Nambari ya toleo ikawa mpaka wa kisheria. Mtu aliyekuwa na toleo la kabla yake angalibaki ng'ambo ya mpaka. Kifungu cha nne chamvusha.

Sharti la kutangaza mabadiliko laonekana dogo kwa fundi, ila kwa mwanafunzi wa maandishi ya Kiswahili ni kubwa. Kila aliyepata kulinganisha miswada ya utenzi mmoja ajua taabu ya wanakili waliobadilisha bila kusema. Utendi wa Mwana Kupona, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1858, umefika kwa nakala zisizolingana, si kwa idadi ya beti wala kwa maneno. Mnakili mwema aliandika mwishoni jina lake na tarehe. Aghalabu hakusema ni ubeti gani alioutengeneza kwa sababu hakuusoma vema, wala ni upi alioongeza kwa kuwa aliujua kwa moyo. Leseni ya Vim inamlazimisha mnakili kusema. Maktaba ya zlib ya Jean-loup Gailly na Mark Adler, iliyotolewa mwaka 1995 kwa kazi ya kubana data, ina sharti kama hilo katika leseni fupi ya kupendeza: usijidai kuwa ndiwe uliyeitunga, iliyobadilishwa iwekewe alama bayana, na tangazo hili lisiondolewe. Hayo matatu yangalitosha kuwa katiba ya mnakili yeyote wa Lamu au Pate. Leseni ya Vim ni ndefu zaidi na mbaya zaidi kwa umbo. Kifungu chake cha pili kina njia tano, na ya nne kati ya hizo haisomeki ila kwa kurudiwa mara tatu.

Ila lile lililo na uzito kuliko yote limo ndani ya kifungu hicho kibaya. Waraka wa 9.0 wasema mlezi wa sasa ni Bram Moolenaar. Kwamba hilo likibadilika litatangazwa mahali pafaapo. Na kwamba isipowezekana kabisa kumpata mlezi, wajibu wa kumpelekea mabadiliko hukoma. Sentensi hii ya mwisho ni ya kifo, ingawa neno kifo halimo. Sheria hupenda kusema kwa namna hiyo. Lakini maneno yaliyochaguliwa hayamtazami mlezi hata kidogo. Yamtazama mtumaji, aliyekaa na mabadiliko yake mkononi asijue pa kuyapeleka. Yamwondolea wajibu yeye. Hayasemi nani atashika mahali pa mlezi, wala nani atatangaza hayo yatakayotangazwa.

Kosa hili laonekana zaidi likiwekwa karibu na wakfu, taasisi ambayo pwani ya Waswahili yaijua kwa karne nyingi. Mwenye kuweka wakfu hutoa shamba au nyumba. Asili haiuzwi wala hairithiwi, na mazao yake huwaendea wale aliowataja, wawe watoto wake, msikiti, au maskini. Vim haikuwa wakfu kwa maana kamili, madhali mtungaji hakuitoa haki yake ya utungaji. Hata hivyo umbo ni lile lile: asili yafungwa kwa maneno yasiyoondolewa, na manufaa yaelekezwa kwa wahitaji wa mahali palipotajwa. Tofauti ni kwamba hati ya wakfu humtaja msimamizi, na hati iliyoandikwa kwa busara humtaja na atakayemfuata. Waraka wa Uganda una wahitaji, una mali, una masharti ya kunakili. Mrithi wa usimamizi hanaye.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Habari ilitolewa na jamaa zake. Kwa muda fulani kifungu cha mlezi kilimtaja mtu ambaye kwa kweli haikuwezekana kabisa kumpata, na kwa hiyo, kwa kufuata herufi, wajibu mmojawapo mkubwa wa leseni ulikuwa umekoma duniani kote. Kazi haikusimama. Wenzake, Christian Brabandt akiwa mbele, waliishika, na tarehe 2 Januari 2024 wakatoa toleo la 9.1, waliloliweka kwa kumbukumbu yake. Baadaye jina la mtu mmoja katika kifungu hicho likapisha walezi kwa wingi, nao wanatajwa kwa kuelekezwa mahali ilipo orodha yao. Kwa Kiingereza badiliko kama hilo lahitaji maneno machache tu. Mtafsiri wa Kiswahili angelazimika kupita kifungu kizima: mlezi akikuomba ingekuwa walezi wakikuomba, akithibitisha ingekuwa wakithibitisha, na hapo kila kiambishi kingemdai jibu la swali lililoachwa na hati yenyewe. Je, yatosha mmoja wao kuthibitisha, au sharti wote? Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili hauruhusu swali hilo kufunikwa.

Kwa kulinganisha, yuko mtungaji aliyekiandika kifo chake waziwazi katika nambari. Donald Knuth wa Marekani aliamuru kwamba kila toleo jipya la TeX, programu yake ya kupanga chapa, liongeze tarakimu moja ya pai: 3.1, 3.14, 3.141, na kuendelea, hata mwaka 2021 ikafikia 3.141592653. Siku ya kufa kwake nambari itageuzwa kuwa pai yenyewe, na tangu hapo hakuna mtu atakayeigusa kwa jina hilo. Makosa yatakayokuwamo yatahesabiwa kuwa ndivyo ilivyo. Huo ni wosia, na ni wosia mkali. Programu yafungwa pamoja na mtu. Katika Vim nambari haikufungwa na mtu, na ndiyo maana 9.0 iliweza kufuatwa na 9.1 bila kukiuka neno lolote. Yaweza kusemwa kwamba upungufu ule wa leseni ulifidiwa na tabia ya nambari: hesabu isiyo na mwisho uliopangwa huweza kushikwa na mwingine.

Hesabu hiyo ina tabaka mbili. Tarakimu za kwanza ni za sherehe zaidi kuliko za maana. Kanuni iliyoandikwa na Tom Preston-Werner, ambayo toleo lake la 2.0.0 ni la mwaka 2013, yataka nambari ya kwanza ibadilike pale tu ahadi ya zamani inapovunjwa. Maktaba nyingi hujitahidi kuifuata, kwa kuwa wenye kujenga juu yake wahitaji kuonywa. Vim haikuifuata. Kati ya 7.0 ya mwaka 2006 na 8.0 ya mwaka 2016 ilipita miaka kumi, na kati ya 8.0 na 9.0 miaka sita. Hakuna kipimo cha ahadi katika vipindi hivyo. Maana imo katika tabaka la pili, la viraka. Kila badiliko dogo hupewa nambari yake kwa utaratibu usiorukwa, na toleo la 8.2 peke yake, tangu Desemba 2019 hata Juni 2022, lilipata viraka zaidi ya 5,000. Programu nyingine zaweza kuiuliza Vim kama kiraka fulani kimo, zikaamua la kufanya kwa jibu hilo.

Kila kiraka hufuatana na maelezo yenye sehemu mbili, tatizo na utatuzi, kwa kawaida sentensi moja kwa kila sehemu, na katika mabano hutajwa jina la aliyeliona tatizo au aliyeleta utatuzi. Haya ndiyo maandishi bora kuliko yote katika programu hii. Hayana kiburi wala kilio. Tatizo husemwa kama lilivyo, bila kumtafuta mwenye kosa, hata pale mwenye kosa ni mwandishi mwenyewe. Utatuzi husemwa kwa kitenzi kimoja. Na jina katika mabano hufanya kazi ya isnadi, kumwonyesha msomaji habari ilitoka kwa nani. Maelfu ya vipande hivyo vikisomwa kwa mfululizo hutoa historia ambayo hakuna utenzi wa kale uliobahatika kuwa nayo.

Wale waliotaka kwenda njia nyingine walionyesha kwamba nambari ni mali ya jina. Mwaka 2014 ulianza mradi wa Neovim, uliochukua maandishi ya Vim na kuyajenga upya. Haukuendelea kutoka 7.4, ulianza tena kwenye sifuri, na miaka kumi baadaye, mwaka 2024, ulikuwa kwenye 0.10. Michango mipya ukaiweka chini ya leseni ya Apache, na ile iliyotoka Vim ukaiacha chini ya leseni ya Vim. Ombi la Uganda ulilibeba katika kioo cha ufunguzi. Hili ni la kushangaza, maana haukulazimishwa. Leseni yakataza kuondolewa kwa leseni, na ombi la sadaka si sehemu ya vifungu vyake vinne; laja baada yake, likitanguliwa na neno fupi lisemalo kwamba mwenye kufurahishwa na Vim aonyeshe hivyo kwa kuendelea kusoma. Mwanasheria angeweza kulikata hapo bila hatia. Hawakulikata. Maneno yaliyomfunga mtu, yaani kifungu cha mlezi, yalikosa nguvu mwaka 2023. Maneno yasiyomfunga mtu yalikuwa yangali yanahamishwa kutoka programu moja hadi nyingine.

Kwa hiyo lile lililobebwa kwa hiari lapasa kuwa kweli, na hapo waraka wa Uganda wastahili lawama. Katika kuieleza Rakai, waraka wa 9.0 wasema kwamba hakuna mahali duniani panapoumia kwa UKIMWI kuliko wilaya hiyo. Kwamba wengine husema maradhi yalianzia huko. Kwamba inakisiwa asilimia 10 hadi 30 ya Waganda wameambukizwa. Na kwamba watoto wapatao 60,000, katika watu 350,000 wa wilaya, wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Maneno haya ni ya miaka ya 1990. Wakati ule Rakai ilikuwa katika msiba wa kweli; maradhi yalikuwa yamepata jina la siriimu, neno la Kiingereza la wembamba lililovishwa sauti za Kiganda, na ng'ambo ya mpaka, Kagera, watu waliyaita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo. Aliyeandika alikuwa amekaa hapo na kuona. Lakini uchunguzi wa taifa wa Uganda wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta asilimia 6.2 kwa watu wa miaka 15 hadi 64. Na habari ya maradhi kuanzia Rakai si kweli: wataalamu wa vinasaba vya virusi wameonyesha kwamba vilienea mapema katika karne ya 20 kupitia bonde la Kongo, mamia ya maili mbali na hapo.

Kichwa cha waraka, kama vichwa vya nyaraka zote za Vim, hutaja kuwa ni wa toleo jipya kabisa, na hutia tarehe ya badiliko la mwisho. Basi msomaji wa mwaka 2022 aliambiwa kwa maandishi kwamba anasoma jambo la 9.0, akapewa hesabu ya watu iliyozeeka zaidi ya miaka 20. Herufi moja ikikosewa katika programu, kosa hupata nambari, tatizo, utatuzi na jina. Asilimia 30 ya taifa haikupata kiraka. Hakuna sheria iliyozuia, kwa kuwa leseni yahifadhi maneno ya leseni tu. Habari za Rakai zingaliweza kusahihishwa siku yoyote, au walau kuandikiwa mwaka wa hesabu. Yamkini zililindwa na heshima ile ile iliyolilinda ombi. Maneno ya wema huonewa haya kusahihishwa.

Wala haitoshi kujibu kwamba hakuna aliyekuwapo wa kusahihisha kutoka upande wa Afrika ya Mashariki. Tangu toleo la 7.0 Vim ina uwezo wa kukagua tahajia, na katika lugha zilizotayarishiwa orodha za maneno imo ya Kiswahili, yenye alama sw, pamoja na ya Kinyarwanda. Ukaguzi huo hauwezi kutosheleza lugha ambayo kitenzi chake kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli. Hata hivyo kuwako kwa orodha ni dalili kwamba wenye lugha walikuwa mlangoni. Kinyume chake, jumbe za programu zilizotafsiriwa, zikiwamo za Kiafrikaans, hazikuwa na Kiswahili wala Kiganda wakati 9.1 ilipotolewa. Vim iliweza kumsahihisha Mswahili tahajia yake. Kumwambia kwa lugha yake habari za jirani zake wa Kibaale haikuweza. Neno moja tu la Kiswahili limepenya ndani ya waraka, nalo kwa njia ya Kanada: wafadhili wa huko huelekezwa kwa shirika liitwalo Kuwasha. Bila shaka lililokusudiwa ni kuwasha taa. Mwenye lugha hawezi kujizuia kukumbuka kwamba upupu nao huwasha.

Ikiwa waraka huu utatafsiriwa, nao wastahili, jambo la kwanza la kuamua ni nafsi. Kiingereza kina neno moja la kumsemeza mmoja na wengi, na leseni yalitumia kwa mtu pekee aliyebadilisha mstari mmoja na kwa kampuni igawayo maelfu ya nakala. Mtindo wa sheria za Kiswahili ungependelea nafsi ya tatu, mtu yeyote atakayebadilisha, na ungekuwa salama. Lakini nguvu ya waraka imo katika kwamba anayeamriwa kwenye kifungu cha pili ndiye yule yule anayeombwa baada ya kifungu cha nne, kwa sauti ile ile. Akiwekwa mtu yeyote juu na wewe chini, mshono utaonekana, na ombi litadondoka kama nyongeza. Afadhali wewe pote, hata kama mwanasheria atakunja uso. Jambo la pili ni mstari ule wa kioo cha ufunguzi. Wasaidie watoto maskini wa Uganda ni tafsiri sahihi, ila maskini kwa Kiswahili huelea kati ya ufukara na masikitiko, na msomaji wa Kampala au Masaka atauliza kwa nini nchi yake nzima imewekwa katika kioo kwa sifa hiyo. Waraka wenyewe, ndani, wataja mji, kituo na wilaya. Mtafsiri na aandike watoto wahitaji wa Kibaale, aweke na mwaka wa hesabu kando ya hesabu.